Haro Mara Tatu

Jumamosi asubuhi Enid Lenfestey alikuwa amepiga magoti kwenye birika la mawe la kufulia la marehemu bibi yake, akisugua zulia la jikoni, aliposikia kikohozi ng'ambo ya mfereji. Hakuinua uso. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa cha binamu yake Cyril, mtoto wa baba yake mdogo, na Cyril hakohoi kwa sababu ya kifua. Anakohoa kwa sababu hataki kuwa wa kwanza kusalimia.

"Jumatatu naleta katapila," Cyril alisema.

"Nami sijambo, asante."

"Nimesema Jumatatu naleta katapila, Enid. Hilo birika nalifukia."

Enid akaacha burashi. "Unalifukia, ulilichimba wewe?"

"Nataka njia. Lori halipiti hapo, na nyumba zile sitazijenga kwa kubeba mchanga kwenye kikapu cha mayai."

Nyumba zile zilikuwa nne, bado za kwenye karatasi tu. Cyril alikuwa amelima nyanya ndani ya mabanda ya vioo maisha yake yote, kama baba yake, kama nusu ya watu wa parokia yao ya Torteval. Lakini mwaka huo wa 1981 nyanya za Uholanzi zilikuwa zimejaa masoko ya Uingereza, na mafuta ya kupashia mabanda moto yalikuwa yamepanda bei mpaka mtu akiwasha jiko anasali kwanza. Kisiwa kizima cha Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, kilikuwa kikivunja vioo vyake. Cyril naye alikuwa ameamua kupanda nyumba za watu wa mbali.

"Hapo ni mahali pa kufulia nguo tu," alisema, kwa sauti ya upole kidogo. "Na mashine ya kufulia unayo jikoni. Nimeiona."

Enid alitaka kusema kwamba mashine haina Bibi ndani yake, akaona haya. "Mashine haifui mazulia," alisema.

"Basi nunua zulia dogo."

"Mpaka ni mfereji, Cyril. Birika ni langu kama lilivyo lako. Tena mimi ndiye ninayelitumia."

"Bibi alipokuwa anakonda hapa na njaa ya vita, ulikuwa unalitumia?" Cyril akashusha kofia yake usoni. "Asiyekuwepo na lake halipo, binamu." Akageuka, akaenda zake.

Hilo neno la mwisho alikuwa amelitunza miaka thelathini na sita, na kila mara alipolitoa lilikuwa bado kali.

Baba zao walipogawana urithi, baba yake Enid, mtoto wa kwanza, alipata nyumba, na baba yake Cyril akapata mashamba. Karatasi ya mgawanyo ilisema mpaka ni mfereji wa maji. Haikusema birika lililo katikati ya mfereji ni la nani, maana walioandika walikuwa wanaume, na wanaume wa enzi zile hawakujua nguo zao zinafuliwa wapi. Zilirudi safi, ikatosha.

Lenyewe si kitu cha kupigiwa picha. Ni mawe manne makubwa ya kijivu yaliyopangwa, maji ya chemchemi yanaingia huku na kutokea kule, na mbele yake jiwe la tano limelala mshazari, limelainishwa na nguo za wanawake wa karne mbili. Upande wa kushoto lina shimo dogo la goti la Bibi Zabette. Enid alipopiga magoti pale, goti lake liliingia humo bila kutafuta.

Kabla ya vita, kila Jumatatu, Bibi Zabette alifua hapo na Enid pembeni yake, mtoto wa miaka mitano mwenye kibao chake kidogo cha kupigia nguo. Kiingereza Bibi hakukijua wala hakukitamani. Nyumbani alisema lugha yetu ya kisiwani, kanisani alisali Kifaransa, na kwenye birika alisali huku anafua, kwani kwa nini mtu afanye kazi mbili kwa nyakati mbili? *Baba yetu*, paa! *uliye mbinguni*, paa! *jina lako litukuzwe*, paa! Mpaka afike kwenye Amina shati limetakata na roho pia. Enid aliijua sala ile kwa mkono kabla hajaijua kwa mdomo.

Kisha ikaja Juni ya mwaka arobaini. Wajerumani walikuwa wameshafika pwani ya Ufaransa, na ikasemwa kwamba watoto wa shule wavushwe kwenda Uingereza, leo, kesho wamechelewa. Mama yake Enid alikuwa amekufa, baba yake yuko jeshini. Akapelekwa bandarini na mwalimu, kikaratasi cha jina kimefungwa kifuani kama kifurushi cha posta. Cyril, mwenye miaka minane, alifikishwa bandarini na mama yake, mama akaona umati na vilio, akasema hapana, akamrudisha nyumbani. Ndivyo binamu wawili walivyotengana: mmoja kwa sababu alikuwa na mama, mwingine kwa sababu hakuwa naye.

Enid alikaa miaka mitano kwa mwanamke mmoja mwema wa Stockport, Uingereza, huku Wajerumani wamekikalia kisiwa. Alisahau lugha ya nyumbani neno moja moja, bila kuumia, na kule kutoumia ndiko kulikomuuma baadaye.

Kurudi kwake, Agosti ya arobaini na tano, ndiyo hadithi aliyokuwa akiisimulia kila palipo na chai na wageni. Msichana wa miaka kumi na mmoja, koti la kupewa, anateremka kijinjia mbio. Bibi yuko kwenye birika, amekonda nusu, na Cyril amesimama kando yake na ndoo. Bibi anamwona. Anavua kofia yake ya kitambaa, anapiga magoti kwenye tope, ananyoosha mikono juu na kupaza sauti: "Halo! Halo! Halo!" Kisha anamwaga maneno mengine marefu ambayo Enid hayaelewi tena. Enid akacheka mpaka akashika tumbo, maana Bibi alikuwa amejifunza Kiingereza! Neno moja tu, tena kalitamka vibaya, ulimi umeingiza *r* pasipo na *r*. "Si hivyo, Bibi," akamwambia, "ni *halo*!" Bibi naye akacheka, machozi yanamtoka.

Wageni walicheka kila mara. Enid alikuwa hodari wa kuigiza ule ulimi.

Baada ya hapo waliishi pamoja miaka kumi na mitatu, na hawakuwahi kuzungumza vizuri. Enid alijifunza upya maneno ya kuombea chumvi na ya kufukuzia kuku, hakufika mbali zaidi. Ila Jumatatu walipiga magoti wote wawili kwenye birika na kupiga nguo kwa mdundo ule ule wa zamani, Bibi anasali, Enid anaufuata mkono wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Enid alimpenda bibi yake pale na si kwingine, na kama mahali pale pangejazwa kifusi, hakujua angempendea wapi.

*

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa Herbert Roussel.

Herbert alikuwa karani wa masjala ya mahakama miaka arobaini, na tangu astaafu hakuna aliyemuuliza neno la sheria, kwa hiyo ukimuuliza jambo dogo unapata jambo kubwa na kikombe cha pili. Alimsikiliza Enid akiwa na ndara miguuni, akakata mkate wa zabibu kavu, akaupaka siagi kwa unene wa kidole.

"Kumwandikia barua hutawahi," alisema. "Wakili hutampata Jumapili. Katapila linakuja kesho." Akafurahi waziwazi. "Dada Enid, wewe itabidi umpigie Haro."

"Haro? Si ni mambo ya kale hayo, Bwana Herbert?"

"Ya kale ndiyo, lakini hayajafutwa! Mtu anavunja chako mbele ya macho yako, huhitaji hakimu wala askari. Unapiga magoti hapo hapo, kichwa wazi, mikono juu, mashahidi wawili wanakusikia. Unapaza sauti: 'Haro! Haro! Haro! Nisaidie, Mkuu wangu, ninadhulumiwa!' Halafu unasali Baba Yetu kwa Kifaransa, yote, bila kukatika. Ukimaliza, kazi inasimama. Hata kama ana nyundo hewani, aishushe taratibu. Wewe una saa ishirini na nne za kuandikisha masjala, na hakuna anayegusa jiwe mpaka mahakama iamue."

"Na nikikosea?"

"Ukilia Haro bila haki unatozwa faini. Na unachekwa, ambayo ni mbaya zaidi, maana faini ina mwisho."

Kuna kitu kilimpita Enid moyoni aliposikia habari ya magoti na kichwa wazi, kikapita haraka kama mtu unayemjua lakini yuko ndani ya gari. Akauliza jambo jingine. "Huyo Mkuu tunayemwita ni nani? Baba aliniambia ni mtawala mmoja wa kale wa Normandi, kule Ufaransa."

"Rollo. Sisi tunamwita Rou. Wanasema alikuwa mwenye haki hivi kwamba alitundika bangili zake za dhahabu kwenye mti msituni, zikakaa miaka mitatu hakuna aliyeiba. Kwa hiyo mnyonge akionewa analia, 'Ha! Rou!' Ee Rou! Amekufa miaka elfu moja na ushee, bado tunamsumbua. Na nguvu yake si mchezo. Mfalme mmoja aliyeteka Uingereza nzima, siku ya mazishi yake alijitokeza mtu mmoja akalia Haro juu ya kaburi, kwamba ardhi ile ni ya babake na ilidhulumiwa. Mazishi yakasimama! Mfalme yuko ndani ya jeneza, anangoja watu wakubaliane."

Enid akacheka. Herbert akainua kisu cha siagi, ishara kwamba bado hajamaliza.

"Lakini watu wa vitabu wanakataa. Wanasema neno ni la zamani kuliko Rou. Eti ni neno la wachungaji na wawindaji, kabla hata ya kuwa na watawala. *Hara*. Maana yake, hapa. Njoo huku. Basi."

"Hapa?"

"Hapa. Mtu kaona mbwa mwitu, anaita wenzake: hapa, hapa, hapa! Mimi sikulipenda. Nimeandika Haro tatu katika maisha yangu ya kazi, na kila mara nilimwona Rou na bangili zake. Kumbe ni mtu anasema 'njoo huku'."

Enid alitazama chai yake. "Kwa hiyo hatumwiti mtawala. Tunamwita nani?"

"Yeyote aliye karibu."

"Na kama aliye karibu ni yule yule anayekudhulumu?"

Herbert akajikatia kipande kingine cha mkate. "Hilo," alikiri, "vitabu havijasema." Kisha akakumbuka kazi yake. "Baba Yetu ya Kifaransa unaiweza? Ukisoma kwenye karatasi, wakili wa Cyril atapata la kusema."

"Naiweza," Enid alisema.

Alasiri yake alikwenda kwenye birika na kibao cha Bibi, akaipiga taulo moja kavu mara ishirini. Akiwa na kibao, sala ilikuja yote. Akikiweka chini, ilikuja nusu.

*

Jumatatu katapila lilifika kabla ya mleta maziwa. Liliteremka kijinjia likikwangua ukuta wa udongo huku na huku, na maua ya manjano ya majira ya kuchipua yakaanguka chini ya minyororo yake. Dereva alikuwa kijana wa Kiingereza, kisiwani ana wiki tatu. Cyril alitembea mbele akimwonyesha njia kwa kofia.

Enid alikuwa tayari pale, amevaa gauni la kanisani, maana hakujua mtu avae nini. Nyuma yake walisimama mashahidi wake: Herbert na saa yake ya mfukoni, na jirani Hilda Tostevin aliyekuja na vibana nywele kichwani na masikio yasiyosikia vizuri.

"Leo kuna nini, msiba?" Cyril aliuliza.

"Rudisha mashine yako, Cyril."

"Enid, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na Waholanzi. Ondoka hapo kwenye jiwe."

Hakuondoka. Dereva aliinua lile jino kubwa la chuma, kivuli chake kikapita juu ya maji. Enid akavua kofia yake, akapiga magoti, goti la kushoto likaingia kwenye shimo lake, akanyoosha mikono juu.

"Haro! Haro! Haro!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotegemea, kunguru wakaruka. "Nisaidie, Mkuu wangu, ninadhulumiwa!"

"Huyo mama anaumwa?" dereva alipiga kelele kutoka juu.

"Zima," Cyril alisema.

"Eti?"

"Zima mashine, wewe! Huoni watu wanasali?"

Mngurumo ukakatika. Ikabaki sauti ya maji yakiingia kwenye birika. Na Cyril, ambaye kofia yake watu walidhani imeota kichwani, alikuwa ameivua.

Enid akaanza. *Baba yetu uliye mbinguni*. Kifaransa kilikuja kizito, cha kikanisa, chenye harufu ya sabuni. *Jina lako litukuzwe*. *Ufalme wako uje*. Alipiga mapigo kwa kichwa chake kwa kuwa mikono ilikuwa juu. *Mapenzi yako yatimizwe*. *Utupe leo mkate wetu wa kila siku*.

Halafu hapakuwa na kitu.

Alitafuta. Aliuona mkono wa Bibi unainuka na kibao, aliona matone, na kibao hakikushuka. Midomo yake ikacheza bila sauti. Nyuma yake Herbert alivuta pumzi na kuizuia. Hilda, aliyedhani sala imeisha, akasema "Amina" kwa nguvu, Herbert akamkanyaga mguu. Mikono ya Enid ilikuwa bado juu. Alijua kabisa kinachofuata: akiishusha amepoteza, na kabla ya saa sita mchana goti la Bibi litakuwa chini ya kifusi, na itakuwa ni kwa sababu yeye, mjukuu, alisahau. Mara ya pili.

Paa!

Ilitoka ng'ambo ya mfereji. Cyril alikuwa amepiga kofia yake kwenye paja. "*Utusamehe makosa yetu*," alisema kwa Kifaransa, macho yake chini. Paa! "*Kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea.*" Paa!

Mdundo ulikuwa ule ule. Enid alikuwa ameamini tangu utotoni kwamba mdundo ule ni wake na Bibi tu, hakuna mwingine duniani aliye nao. Kumbe alikuwepo mtu aliyeubeba pajani miaka yote hiyo, ng'ambo ya maji, hatua nne kutoka kwake.

Maneno yaliyobaki yakarudi yenyewe. *Usitutie majaribuni*, paa! *Lakini utuokoe na yule mwovu*, paa! Walimaliza pamoja, yeye kwa mdomo na Cyril kwa kofia. Safari hii Hilda alisema Amina mahali pake.

Herbert akatazama saa, akaandika. "Saa mbili na dakika kumi na mbili," alisema, kisha akakuna kichwa. "Ila mshitakiwa kumkumbushia mlalamikaji sala... hilo sijawahi kuliona. Nitaliandikaje?"

"Andika kwamba mshitakiwa ni punda," Cyril alisema.

"Sote wa Torteval ni punda," Herbert alimjibu, "hiyo si habari ya kuandika." Akamchukua Hilda kwa mkono akampeleka juu kutafuta kalamu nzuri zaidi, kwani miaka arobaini ya masjala ilikuwa imemfundisha wakati wa kutokuwepo.

*

Enid aliinuka akifuta tope. Magoti yalimuuma. "Kwa nini umenisaidia?"

"Sikukusaidia wewe. Nani anaacha Baba Yetu katikati?"

"Ulijifunza wapi? Huo mdundo."

"Hapo hapo ulipo. Unadhani wakati wa vita nani alikuwa anamkamulia mashuka?" Cyril aliigeuzageuza kofia. "Miaka mitano, Enid. Tulikula konokono wa baharini, tulikunywa chai ya majani ya miiba. Sabuni haikuwepo, alifua na majivu. Na kila Jumatatu, akimaliza kufua, analia Haro."

"Analia Haro? Kumlilia nani, Wajerumani?"

"Wajerumani! Angewalilia Wajerumani lingekuwa jambo la maana. Alikuwa anakulilia wewe." Alisema kama mtu anayetema mbegu. "Anavua kofia, anapiga magoti, 'Haro, Haro, Haro, nisaidie Mkuu wangu, ninadhulumiwa, wamenichukulia mtoto wangu.' Kisha Baba Yetu yote. Nikamwambia, 'Bibi, haifai, sheria inataka mashahidi wawili.' Akasema, 'Nina wewe. Wa pili atakuja.' Kila Jumatatu. Mvua, jua, njaa. Mimi niko pale na ndoo yangu. Asiyekuwepo na lake halipo, si ndivyo wanavyosema? Kwa Bibi ilikuwa kinyume. Mimi niliyekuwepo ndiye nisiyeonekana."

Wivu wa mtoto wa miaka minane ulikuwa umesimama mbele ya Enid, una mvi.

"Halafu siku uliyorudi," Cyril aliendelea, sauti imeshuka, "akakuona unateremka pale juu. Akalia Haro mara ya mwisho. Na wewe ukacheka."

"Nilicheka kwa sababu alisema..."

Alimwona Bibi kwenye tope, kichwa wazi, mikono juu. Alilisikia lile *r* ambalo alikuwa akiliigiza mbele ya wageni miaka yote, akilirefusha ili wacheke zaidi.

"Haikuwa *halo*," alisema.

"Bibi ajue *halo* kutoka wapi? Neno la Kiingereza hata moja hakuwahi kulisema mpaka anaingia kaburini."

Enid akaketi kwenye jiwe la kufulia na gauni lake la kanisani, akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sababu alikuwa ameitwa mara tatu na bibi yake, kwa neno kubwa kuliko yote yaliyokuwepo kisiwani, naye akamsahihisha matamshi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza alipoweza. "Miaka thelathini na sita, Cyril."

"Ulikuwa unaisimulia vizuri." Kisha akaona aibu, akakohoa kile kikohozi chake. "Na mimi nilikuwa na hasira. Nilisema, acha acheke. Bibi alimpa kila kitu, mimi nijibakizie hiki kimoja nisimpe."

Dereva alikuwa ameshuka, anavuta sigara, anatazama mbali kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Cyril akamgeukia. "Kijana! Rudisha hilo dude juu. Kesho tutaanza na banda la tatu la vioo, lile la pembeni. Njia itapita huko."

"Banda la baba yako?" Enid aliuliza. Baba mdogo alilijenga mwenyewe, kioo kwa kioo, na Cyril alizaliwa mwaka lilipokamilika.

"Halina kitu ndani. Majani na paka." Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye banda lile. "Mwambie Herbert aandikishe. Sitabisha."

Alivaa kofia, akaanza kupanda shamba. Alikuwa anatembea kama baba yake, amelalia upande mmoja. Enid alimwangalia, na katikati ya machozi kuna hesabu ilikuwa ikimsumbua, hesabu ndogo ya mashahidi.

"Haro!" aliita.

Cyril akageuka. "Unalilia nini tena? Nimeshaondoa mashine!"

"Silii. Nasema njoo hapa. Herbert anasema ndiyo maana yake."

Akarudi, akinung'unika. Safari hii hakuishia ng'ambo. Alivuka mfereji kwa hatua moja, na ilikuwa mara ya kwanza tangu baba zao wagawane.

"Siku ile ya Agosti," Enid alisema, "alipolia ile ya mwisho. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Na ndoo."

"Ukamsikia."

"Nilimsikia, ndiyo. Ulimwengu mzima ulimsikia."

"Na mimi nilimsikia."

Cyril alimtazama. Kisha alitazama shimo la goti kwenye jiwe, midomo ikihesabu bila sauti, kama Bibi alivyokuwa akihesabu mashuka.

"Mimi mmoja," alisema polepole. "Na wewe uliyekuwa unacheka." Akavua tena kofia. "Wawili."